Kulala Guangzhou bila kula mtaji

Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili makubwa kabla ya kukata tiketi: mzigo wake atausafirisha na nani, na yeye mwenyewe atalala wapi kwa bei nafuu. Swali la kwanza hulishughulikia kwa makini. Atalinganisha mawakala, atauliza bei ya CBM (mita moja ya ujazo ya mzigo), atawapigia simu waliotangulia. La pili huishia kwenye jina moja la hoteli alilopewa na jirani wa dukani Kariakoo au Eastleigh, na hapo mjadala umefungwa.

Jina hilo laweza kuwa zuri kabisa. Lakini hoteli iliyomfaa muuza mikoba mwezi wa Juni yaweza kumkamua muuza samani mwezi wa Oktoba, na chumba kinachoonekana rahisi kwenye simu chaweza kuwa cha hoteli isiyojua la kufanya ikipewa pasipoti ya Tanzania au ya Kongo. Mtu aliyekusanya mtaji wake kwa upatu, kwa kikoba, pengine kwa kuuza kiwanja, hastahili kujifunza haya kwa hasara. Yuani 100 za ziada kila usiku, kwa siku kumi, ni yuani 1,000, karibu dola 140. Hizo ni bidhaa ambazo hazitafika dukani.

Ninavyoona mimi, makosa mengi yanatokana na mpangilio wa maswali. Watu huanza na bei ya chumba. Bei inapaswa kuja ya nne: kwanza soko, pili tarehe, tatu sheria, ndipo bei.

Soko lako liko upande gani?

Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo wakazi zaidi ya milioni 18. Mtu wa kwetu akiambiwa "hoteli iko katikati ya mji" hufikiria Posta ya Dar es Salaam au River Road ya Nairobi, mahali ambapo ukitoka mlangoni uko karibu na kila kitu. Guangzhou haiko hivyo. Masoko yake ya jumla yamegawanyika kwa bidhaa, na kila bidhaa ina mtaa wake.

Nguo za jumla na saa za mkononi ziko kuzunguka stesheni ya zamani ya reli, katika jengo la Baima na kwenye barabara ya Zhanxi. Ukisogea kaskazini kidogo unaingia Sanyuanli na Guihuagang, kwenye mikoba, mabegi na bidhaa za ngozi, na vipodozi viko jirani hapo hapo. Midoli, mapambo ya sherehe na vifaa vya shule viko Yide Lu, karibu na mto. Ukivuka mto kwenda wilaya ya Haizhu unakuta Zhongda, soko kubwa la vitambaa. Halafu kuna bidhaa ambazo watu husema "nimenunua Guangzhou" na kumbe hazipo Guangzhou hata kidogo. Samani ziko Lecong, kwenye mji wa Foshan, ambako maduka yamepangana kando ya barabara kwa kilomita nyingi. Vigae navyo ni vya Foshan. Taa ziko Guzhen, Zhongshan. Vifaa vya elektroniki viko Huaqiangbei, ndani ya Shenzhen.

Kwa hiyo kabla ya kufungua programu yoyote ya hoteli, andika bidhaa zako kwenye karatasi na mbele ya kila bidhaa andika mtaa wake na siku utakazozitumia huko. Mtaa wenye siku nyingi ndio utakaokuambia ulale wapi. Kama safari nzima ni samani, usilale Guangzhou. Nenda Lecong ulale huko, uchague, uweke oda, kisha urudi mjini siku moja au mbili kumalizana na wakala. Nimeona watu wakisafiri kila asubuhi kutoka Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, hadi Lecong kwa wiki nzima kwa sababu tu Xiaobei ndiko "wenzetu wanakolala". Wanafika sokoni wamechoka, na mtu aliyechoka hapatani bei vizuri.

Umbali ndani ya Guangzhou hauumi kwenye nauli. Metro, yaani treni za ndani ya mji, huanzia yuani 2 kwa kilomita 4 za kwanza na hupanda polepole, hivyo hata safari ndefu ya kuvuka mji hugharimu kidogo. Kinacholiwa ni muda. Tuseme unanunua mikoba Sanyuanli kwa siku nane. Karibu na soko umepata chumba cha yuani 260, na mbali huko Panyu, kusini, kipo cha 140. Tofauti ni yuani 120 kwa usiku, yaani 960 kwa siku nane. Zinavutia. Sasa toa nauli ya metro kwenda na kurudi, kiasi cha yuani 100 na zaidi kidogo kwa siku zote. Toa teksi za zile jioni ambazo umebeba sampuli nzito na huwezi kujibana nazo kwenye metro ya saa kumi na mbili. Nne tu zikifika yuani 80 kila moja ni 320. Zimebaki 500 na kitu. Kisha hesabu saa: ukipoteza saa mbili na nusu kila siku njiani, kwa siku nane ni saa 20, sawa na siku mbili au zaidi za soko. Ukiongeza siku mbili kuzifidia, unalipa vyumba viwili tena na chakula cha siku mbili, na ile faida yote imekwisha.

Hesabu hiyo hugeuka kama huendi sokoni bali viwandani. Viwanda vingi hutuma gari kumchukua mnunuzi hotelini au kwenye kituo cha metro. Hapo chumba cha mbali, cha bei ndogo, kilicho karibu na barabara kuu, kinaweza kuwa chaguo bora. Wapo pia wauzaji wanaojitolea kukulipia hoteli. Sikatazi, ila mimi hushauri mtu alipe chumba chake mwenyewe, kwa kuwa ni vigumu kukaza bei mbele ya mtu uliyelala kwa fedha zake.

Jambo jingine ni saa za masoko. Mengi hufunguliwa asubuhi ya kawaida na kufungwa jioni. Masoko ya nguo ya Shahe na Shisanhang huanza mapema sana, na mchana ukifika yamepoa. Metro nayo huanza kutembea kama saa kumi na mbili asubuhi. Anayenunua nguo Shahe, akilala mbali, atafika wakati wenzake wanafunga mizigo.

Xiaobei, Sanyuanli, na vituo vinavyofuata

Waafrika wengi hulala Xiaobei, na sababu zake ni za msingi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara kutoka Afrika walianza kukaa na kufungua ofisi eneo hilo, wakizunguka jengo la Tianxiu na mtaa wa Baohan. Ukishuka kituo cha Xiaobei, kwenye njia namba 5 ya metro, hukosi mtu wa kumuuliza. Chakula cha halali kipo kwa wingi, cha Waislamu wa China na cha Waafrika wenyewe. Msikiti wa Xianxian hauko mbali, mahali ambapo mapokeo ya Waislamu wa huko yanasema amezikwa sahaba Saad bin Abi Waqqas, na Ijumaa watu hujaa hadi nje. Msikiti wa Huaisheng, wa zamani sana, uko upande wa katikati ya mji. Wakatoliki wana kanisa kuu la mawe lililokamilika mwaka 1888, pale Yide Lu. Kwa mgeni asiyejua Kichina hata neno moja, mambo haya yana thamani ya fedha: siku tatu za kwanza hazipotei kwa kutafuta chakula na pa kubadilishia dola.

Lakini unalipia ukaribu huo. Kwa bei ile ile, chumba cha Xiaobei mara nyingi huwa kimechoka kuliko cha kwingine: zulia la zamani, harufu ya sigara, lifti ya kusubiri. Madalali ni wengi, na wote ni marafiki kuanzia dakika ya kwanza. Ukaguzi wa pasipoti barabarani si jambo geni.

Sanyuanli, kituo kinachofuata baada ya stesheni ya reli kwenye njia namba 2, humfaa zaidi mtu wa mikoba, viatu na vipodozi. Uko juu ya soko lenyewe, na ofisi za mizigo ni nyingi. Ila ushauri ninaoupenda zaidi, hasa kwa mtu wa safari ya pili na kuendelea, ni kufuata njia hiyo hiyo namba 2 kuelekea kaskazini, wilaya ya Baiyun, hadi vituo kama Jiangxia na Huangbian. Huko hakuna Waafrika wengi na hakuna anayekuvizia mlangoni. Hoteli zake nyingi ni za Wachina wenyewe wa kipato cha kawaida, vyumba ni vipya zaidi kwa bei ile ile au chini yake, na hubadilishi treni hata mara moja kufika Sanyuanli au stesheni ya reli. Njia hiyo hiyo ndiyo inayopokea abiria wa uwanja wa ndege wanaobadilisha treni pale Jiahewanggang.

Yaani unapotafuta nafuu, fuata reli. Chumba kilicho dakika tano kutoka kituo cha mbali ni bora kuliko chumba kilicho dakika 25 za kutembea kutoka kituo cha karibu, ukizingatia jua na mvua za Guangzhou, na mabegi mkononi.

Tarehe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua alikosea nini. Mara mbili kwa mwaka Guangzhou huwa na maonyesho makubwa ya biashara, Canton Fair, yaliyoanza mwaka 1957. Hufanyika Pazhou, wilaya ya Haizhu, kwa awamu tatu za siku tano tano. Ya majira ya kuchipua huwa tarehe 15 hadi 19 Aprili, 23 hadi 27 Aprili, na 1 hadi 5 Mei. Ya vuli ni 15 hadi 19 Oktoba, 23 hadi 27 Oktoba, na 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Wanunuzi wa dunia nzima hushuka mji mmoja kwa wiki tatu, na hoteli zinajua. Bei hupanda Pazhou, hupanda Xiaobei, hupanda hadi kwenye hoteli ambazo siku nyingine hazina wageni. Kupanda mara mbili si ajabu.

Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe, usiende wiki hizo. Ni rahisi hivyo, na bado watu hawafanyi, kwa kuwa tarehe ya safari huamuliwa na ndege yenye tiketi nafuu au na siku ya kupokea upatu. Sogeza safari hadi wiki ya pili ya Novemba, au mwishoni mwa Mei. Soko ni lile lile.

Kama unakwenda kwenye maonyesho, jua awamu yako. Mashine na vifaa vya umeme huwa awamu ya kwanza. Vyombo vya nyumbani, zawadi na samani ya pili. Nguo, viatu na midoli ya tatu. Mtu wa nguo akikaa tangu tarehe 15 analipa bei ya maonyesho kwa wiki mbili ambazo hazimhusu. Weka nafasi mapema, na uchague ile inayoruhusu kufuta bila kutozwa, kwa sababu viza zinaweza kuchelewa. Angalia pia vyumba vya Panyu na Foshan: hapa umbali unakubalika, maana ukumbi hufunguliwa muda wa kawaida na hubebi mzigo, unabeba karatasi na kadi za biashara.

Tarehe nyingine mbili. Kuanzia tarehe 1 Oktoba China huwa na sikukuu ya taifa na likizo ya wiki moja. Viwanda vingi husimama na treni hujaa. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, hufunga viwanda kwa wiki kadhaa. Utapata vyumba rahisi sana wakati huo, na hutapata wa kumnunulia kitu.

Nani anaruhusiwa kukupokea

Sehemu hii ndiyo inayochanganya watu zaidi, na ndiyo yenye madhara ukiikosea, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inataka kila mgeni ajulikane na polisi analala wapi. Ukilala hotelini, hoteli ndiyo yenye wajibu: inachukua pasipoti yako, inaiingiza kwenye mfumo, na taarifa inafika polisi. Ukilala nje ya hoteli, kwenye fleti ya ndugu au ya rafiki, wewe au aliyekupokea mnatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 tangu ufike. Kifungu cha 39 ndicho kinachosema hivyo. Asiyefanya anaweza kupewa onyo na kutozwa faini ya hadi yuani 2,000.

Sasa tazama maana yake kwa anayetafuta nafuu. Kwa miaka mingi hoteli ndogo ndogo, zile hasa zenye bei ya chini, zilikuwa zikiwakataa wageni wa nje. Nyingine hazikuwa na mfumo wa kusajili pasipoti, nyingine wahudumu hawakujua kuutumia na hawakutaka kuwajibika. Mwaka 2024 serikali ya China ilitoa maelekezo kwamba hoteli zisitumie kisingizio cha kukosa kibali kuwakataa wageni. Hilo limesaidia, lakini maelekezo ya Beijing na msichana wa mapokezi saa tano usiku ni vitu viwili tofauti. Bado unaweza kufika na nafasi uliyolipia ukaambiwa "hapana".

Kinga yake ni hii. Unapoweka nafasi kwenye Trip.com au Booking.com, soma masharti ya hoteli hadi chini, maana hoteli zinazopokea raia wa China bara peke yao huandikwa hapo. Kisha iandikie hoteli ujumbe kupitia programu hiyo hiyo, ukitaja nchi ya pasipoti yako, ukiuliza kama watakupokea, na uhifadhi jibu. Soma maoni ya wageni wa nje, hasa Waafrika wenzako. Hoteli za mnyororo wa bei ya chini, kama 7 Days, Hanting na Home Inn, zina matawi mengi, lakini jibu la tawi moja halisemi kitu kuhusu tawi jingine.

Airbnb, ile programu ya kukodi nyumba za watu binafsi, haipo tena. Ilifunga nyumba zake zote za China bara mwaka 2022. Kilichobaki ni fleti za wenyeji wetu. Wapo Watanzania, Wakenya, Wakongo na Waganda wanaokodi fleti na kupangisha vyumba kwa wafanyabiashara wa kuja na kuondoka. Nawaheshimu sana watu hawa. Utakula ugali, utaelekezwa soko kwa Kiswahili, na ukiugua usiku kuna wa kukupeleka hospitali. Swali moja tu linatenganisha nyumba nzuri na nyumba ya hatari, nalo uliulize kabla hujatuma hata shilingi: "Nikifika, tutakwenda lini kujiandikisha polisi?" Mwenyeji anayefuata sheria atakujibu siku na saa, na atakukumbusha uje na pasipoti. Anayesema "usijali, hapa hakuna shida" anakuambia kwamba shida ikija itakuwa yako. Ukishajiandikisha, tembea na karatasi ya uthibitisho au picha yake.

Sisemi haya kwa kuwatisha watu. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye fleti na kukataliwa hotelini, hata wale wenye viza halali na kodi waliyolipa, hadi mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya malalamiko kwa serikali ya China. Wengine walilala nje. Hali hiyo ilipita, lakini iliacha somo ambalo kila mtu anayepanga safari anapaswa kulibeba: karatasi zako zikiwa sawa hazikuhakikishii kila kitu, na zisipokuwa sawa huna hata pa kuanzia kujitetea.

Sasa bei

Ukishajua mtaa, tarehe na nani atakupokea, orodha ya hoteli imepungua hadi chache, na kuchagua kunakuwa kazi ya jioni moja.

Nje ya msimu wa maonyesho, chumba cha kawaida kisafi katika maeneo niliyoyataja hupatikana kwa kiasi cha yuani 150 hadi 300. Bei ya China ni ya chumba, si ya kichwa. Hii ndiyo nafuu kubwa kuliko zote na wengi hawaitumii: mkisafiri wawili, chukueni chumba cha vitanda viwili, kila mmoja alipe nusu. Wote wawili lazima waandikishwe kwa pasipoti mapokezini; kumwingiza mwenzako kimya kimya kunaiingiza hoteli kwenye kosa, na nyinyi pia.

Ukiona chumba kiko chini sana kuliko vingine katika hoteli ile ile, tafuta neno linalohusu dirisha. Hoteli nyingi za China huuza vyumba visivyo na dirisha kabisa, au vyenye dirisha linalotazama korido, na huviandika hivyo kwa herufi ndogo. Kwa usiku mmoja si neno. Kwa siku kumi, mwezi wa Machi au Aprili, wakati hewa ya Guangzhou inajaa maji hadi kuta zinatoa jasho, ni chumba ambacho nguo hazikauki na sampuli za ngozi zinashika ukungu. Lipa yuani 30 za ziada upate dirisha.

Karibu kila hoteli hudai dipoziti, kwa kawaida yuani mia moja hadi mia chache, unayorudishiwa unapoondoka. Tunza risiti yake kama pasipoti. Ukifika, kabla hujafungua begi, piga picha za chumba, hasa taulo, zulia na kioo, kwani ndivyo vitu vinavyoletewa madai siku ya mwisho.

Malipo yamekuwa rahisi kuliko zamani. Alipay na WeChat, programu za simu ambazo Wachina hulipia, hukubali kadi za Visa na Mastercard za nje, na ukifungua akaunti na kuithibitisha ukiwa bado nyumbani, ukitua unaweza kulipa metro na chakula. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato. Yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Kwa hoteli ya siku kumi makato hayo yanaonekana, kwa hiyo linganisha na kulipa taslimu. Kifungua kinywa kikiwa cha kulipia kando, kiache. Mtaani utakula kwa bei ndogo zaidi, na birika la umeme limo karibu kila chumba kwa anayetaka chai yake.

Na usichague hoteli kwa ramani ya Google. Ndani ya China haifunguki bila VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, na hata ikifunguka, ramani yake na alama za mahali hupishana kwa mita mia kadhaa, hivyo hoteli inayoonekana iko mlangoni mwa kituo yaweza kuwa ng'ambo ya barabara kuu isiyovukika. Tumia Amap, ramani ya Wachina wenyewe, ambayo sasa ina sehemu ya Kiingereza. Anwani uwe nayo kwa herufi za Kichina, pamoja na jina kamili la tawi na namba ya simu ya mapokezi. Barabara ya Huanshi, kwa mfano, ina sehemu tatu, Dong, Zhong na Xi, mashariki, kati na magharibi. Dereva akipewa "Huanshi" tupu anaweza kukushusha kilomita kadhaa kutoka unakokwenda.

Usiku wa kwanza na siku ya mwisho

Uwanja wa ndege wa Baiyun uko kiasi cha kilomita 28 kaskazini mwa mji. Metro, njia namba 3, inaingia ndani ya uwanja, na kwa chini ya yuani 10 unafika Sanyuanli au stesheni ya reli ukibadilisha Jiahewanggang. Treni husimama kama saa tano usiku. Ndege yako ikitua baada ya hapo, panga foleni ya teksi rasmi zenye mita, usimfuate mtu aliyekusimamisha kwenye mlango wa kutokea hata akikuita "my friend" mara kumi.

Weka nafasi ya usiku mbili tu mwanzoni, si kumi. Zile mbili zinatosha kuona kama chumba ni kile cha kwenye picha, kusikia kelele za usiku, na kupima safari ya sokoni kwa miguu yako. Ukipendezwa, ongeza, mara nyingine bei ya kwenye programu iko chini kuliko ya mapokezi, kwa hiyo angalia zote mbili. Usipopendezwa, siku ya pili mchana unayo nafasi ya kwenda kuangalia hoteli nyingine kwa macho, ukiomba kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa.

Usigeuze chumba kuwa stoo. Wakala wa mizigo anapokea bidhaa moja kwa moja kutoka dukani au kiwandani, zikiwa na alama yako; hotelini lete sampuli peke yake. Wanaolipa chumba kikubwa, au usiku wa ziada, ili tu mabunda yapate pa kukaa, wanalipia kazi ambayo tayari wamemlipa wakala. Na siku ya kuondoka, kama ndege ni ya usiku, usilipe siku nzima zaidi. Achia chumba mchana, chukua dipoziti yako, omba mabegi yakae mapokezini hadi jioni, na hoteli nyingi hukubali bila malipo. Hakikisha tu umetoka kuelekea uwanjani huku metro bado inatembea.